Fundi cherehani peke yako: namna ya kufungua kibanda na kukikuza bila kuwa muongo wa tarehe

Muulize mwanamke yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kupeleka kitenge kwa fundi kabla ya sherehe. Atakwambia fundi anajua kushona, ila ni muongo. Siku ya kuchukua nguo anaambiwa njoo kesho, na kesho yake anakuta kitambaa hakijaguswa, kimekunjwa vile vile alivyokileta.

Wengi wetu hatudanganyi kwa makusudi. Tunapokea kazi bila kujua tuna saa ngapi za kushona. Duka la vipodozi likiishiwa mzigo linaagiza mwingine, lakini fundi wa peke yake mzigo wake ni saa zake, na hakuna mahali pa kuagiza nyingine. Kwa hiyo mwongozo huu hautasema sana juu ya mishono. Nachukulia unajua kukata gauni likakaa mwilini. Kama bado, anza VETA, chuo cha ufundi stadi, au kaa kwa fundi mzoefu kwanza, kibanda kitakusubiri.

Hatua ya 1: Chagua utakachoshona, na utakachokataa

Ubao wa "Tunashona nguo za aina zote" ni ubao wa mtu atakayelala saa nane usiku. Suti ya kiume, abaya, sare ya shule na pazia ni kazi nne tofauti. Kila moja ina vifaa vyake na mikono yake, na ukiruka kutoka hii kwenda ile kila siku huwi mwepesi kwenye hata moja.

Kwa anayeanza peke yake napendekeza vitu viwili tu: marekebisho, na aina moja ya nguo mpya unayoiweza kuliko nyingine. Marekebisho ni kupunguza suruali, kubadili zipu, kubana gauni la mtumba, kuongeza mpira kiunoni. Mafundi wengi wanayadharau, wanayaona kazi ya kuombea chai. Nitakuonyesha kwa hesabu huko chini kwamba ndiyo kazi inayolipa vizuri kuliko zote kibandani.

Suti za kiume ziache. Mteja wa suti husamehe kidogo sana, na kola moja iliyokaa vibaya inakula siku yako nzima.

Hatua ya 2: Vifaa

Cherehani ya kukanyaga kwa miguu, Singer au Butterfly ile nyeusi, bado ndiyo mashine ya kuanzia. Haitegemei umeme wa LUKU, inapita kwenye jinzi iliyokunjwa, vipuri vyake viko kila kona ya Kariakoo, na siku ukipata pesa unaifunga mota. Vile vimashine vidogo vya umeme vinavutia macho, lakini vingi vinalemewa na kitambaa kizito.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na kusikia "haina tatizo hii". Nenda na vipande viwili vyako mwenyewe: kitenge chepesi, na jinzi iliyokunjwa ikawa tabaka nne. Shona kitenge, kisha jinzi, kisha rudi kwenye kitenge. Geuza kitambaa utazame upande wa chini. Uzi ukiwa umelegea na kufanya vitanzi, na muuzaji amejaribu kuurekebisha bila mafanikio, ondoka. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole usikilize. Mlio wa chuma kugonga chuma mahali pale pale kila mzunguko ni gharama inayokusubiri.

Vingine ni mkasi wa kitambaa (na mwingine wa karatasi, ambao ndio utakaoazima watu), futi ya kupimia, chaki, rula, pasi, kioo kirefu, na pazia la kujaribishia nguo. Pazia hilo usilisahau. Mwanamke hatavua nguo kwenye kibanda kilicho wazi, na nguo isiyojaribiwa ndiyo inayorudi. Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, isubiri. Mwanzoni peleka nguo zako kwa jirani mwenye ovaloki umlipe kwa nguo, na uandike kila unacholipa, maana namba hiyo utaihitaji.

Hatua ya 3: Mahali

Barazani kwako panatosha kuanzia. Ukikodi, kaa njia ambayo watu wanapita wakiwa wanarudi nyumbani, si wanapokimbilia daladala asubuhi. Karibu na wauza mitumba ni pazuri sana. Mtu amenunua suruali inayomzidi inchi mbili, na wewe uko hatua kumi kutoka hapo.

Hatua ya 4: Bei inatoka kwenye saa

Hapa ndipo biashara nyingi za fundi mmoja zinapofia, taratibu, bila mwenyewe kuona. Fundi anauliza jirani anashona gauni kwa bei gani, anapunguza elfu mbili, anapata wateja wengi, anashona mpaka macho yanauma, na mwisho wa mwezi kodi ya kibanda anaikopa.

Fanya hivi badala yake. Chukua mfano wa kibanda cha kawaida, kisha weka namba zako. Unafungua saa mbili asubuhi, unafunga saa kumi na mbili jioni: saa kumi. Toa saa moja ya chakula na swala. Toa mbili za kupima watu, kuongea nao na kujaribisha. Toa moja kwa siku, ukigawanya, ya safari za Kariakoo kufuata zipu na bitana. Toa nusu saa ya umeme kukatika, sindano kuvunjika, mtoto kuja kuomba chaki. Zinabaki saa tano na nusu za mguu kukanyaga mashine. Kwa siku 24 za kazi, ni saa 132 kwa mwezi.

Sasa gharama za mwezi: kibanda 60,000, LUKU 20,000, uzi na sindano na mafuta ya mashine 35,000, nauli 15,000, akiba ya matengenezo 20,000, kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) na ada ndogondogo 10,000. Jumla 160,000. Ongeza mshahara wako, tuseme 400,000. Ndiyo, mshahara, uandikwe kama gharama, usiwe "kitakachobaki", kwa sababu huwa hakibaki. Jumla kuu 560,000. Gawanya kwa saa 132, unapata takriban shilingi 4,250 kwa saa.

Namba hiyo iandike ukutani mahali unapoiona wewe tu. Gauni la kitenge lenye bitana likikuchukua saa tano, ufundi wake ni 21,250, mbali na bitana na zipu. Ukilishona kwa 15,000 umepata 3,000 kwa saa, na kwa kila saa uliyoshona umempa mteja 1,250 ya mfukoni mwako. Suruali ya kupunguza urefu inachukua dakika ishirini na unalipwa 2,000, sawa na 6,000 kwa saa. Ndiyo maana nilisema usiyadharau marekebisho.

Utajuaje gauni linachukua saa ngapi? Kwa kuandika. Ukianza kukata andika saa, ukimaliza kupiga pasi andika saa. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja bila kujionea huruma. Karibu kila fundi anadhani anashona haraka kuliko anavyoshona kweli, kwa sababu anahesabu mashine na kusahau kufumua, kupiga pasi, kufunga vifungo na kumalizia kwa mkono.

Kwenye bei, usipigane na mteja. "Fundi, si nguo moja tu hii, nipunguzie." Mpunguzie mshono. "Sawa mama, tukitoa bitana na hizi lisani za mkononi, itashuka." Bei ikishuka, kazi nayo ishuke.

Hatua ya 5: Daftari la tarehe

Kila kazi ipate ukurasa wake: jina na simu, vipimo, mchoro au picha ya mshono, yadi za kitambaa ulizopokea, bei, kianzio, salio, siku ya kujaribu, siku ya kuchukua. Kisha kata kipande kidogo cha kitambaa chenyewe ukibane kwenye ukurasa huo kwa pini. Kitakuokoa siku mteja akisema kitenge chake kilikuwa cha maua mekundu, na siku wateja wawili wameleta vitenge vinavyofanana. Soma yadi zilizoandikwa mbele yake. "Dada, umeniletea yadi nne, tumeelewana?" Sentensi hiyo moja inaondoa ile kesi ya fundi kaiba kitambaa.

Kianzio ni nusu, kabla ya mkasi kugusa kitambaa, bila kujali ni nani. Nguo isiyolipiwa kitu huwa haichukuliwi, inabaki imening'inia ukutani miezi na miezi, na wewe ndiye uliyenunua zipu yake. Chukua Lipa Namba, namba ya kupokelea malipo ya biashara, kwenye mtandao wa simu unaotumiwa sana mtaani kwako. Pesa ya kazi isichanganyike na namba yako binafsi, vinginevyo mwisho wa mwezi hutajua ipi ni salio la gauni na ipi ni mchango wa msiba.

Sasa ratiba. Chora wiki kwenye ukurasa wa nyuma, Jumatatu hadi Jumamosi, kila siku iwe na saa tano na nusu. Gauni la saa tano likiingia, linajaza siku yake. Siku ikijaa imejaa. Jaza siku tano tu. Jumamosi iache wazi kwa marekebisho ya papo kwa papo na kwa kazi iliyochelewa, maana ipo tu, hata ufanyeje. Hii inamaanisha magauni matano ya aina hiyo kwa wiki. Fundi anayepokea kumi na tano ameshatunga uongo wa magauni kumi kabla hajakata hata moja.

Tarehe unayompa mteja isiwe siku utakayomaliza. Ukitarajia kumaliza Alhamisi, mwambie Jumamosi. Ikiwa tayari Alhamisi mpigie simu, na uisikilize sauti yake: hajawahi kupigiwa na fundi kuambiwa nguo iko tayari. Tangazo la kulipia halina nguvu hiyo, kwa sababu siku ya sherehe atakapoulizwa "nani kakushonea?", jibu litakuja na maneno "na hachelewi".

Akija mwenye haraka:

"Fundi, Jumamosi nina sendoff, nishonee tu hiki kimoja."

"Dada, wiki hii imejaa. Nafasi ipo Jumatano ijayo. Kama lazima iwe Jumamosi, nitashona usiku, ila bei inaongezeka nusu na unalipa yote sasa hivi."

Wengine watanuna na kuondoka. Waache waende, watarudi mwezi ujao wakiwa na muda. Ndugu na mashemeji ni kesi ngumu zaidi, na sina dawa kamili. Kanuni inayofanya kazi ni kwamba ndugu hupewa punguzo la bei lakini hapewi siku ya mtu mwingine.

Hatua ya 6: Karatasi za serikali

Anza na TIN, namba ya mlipakodi. TRA huitoa bure, na ukiwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, unaweza kuiomba mtandaoni. Leseni ya biashara unaipata halmashauri. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukitumia jina ambalo si lako mwenyewe.

Kodi inatazama mauzo ya mwaka, si faida. Kwa mfanyabiashara mdogo asiye kampuni, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na milioni 7, kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000, na anayetunza hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Tazama maana yake. Ukiuza milioni 5 na daftari lako liko sawa, unalipa 30,000. Bila daftari, 100,000. Kibanda cha mfano wetu kinauza 6,720,000 kwa mwaka, kwa hiyo ni 81,600 mwenye daftari. Thibitisha viwango vya mwaka wako ofisi ya TRA ya wilaya kabla ya makadirio, kwa kuwa Sheria ya Fedha hupita kila mwaka. Na nenda mwenyewe na daftari mkononi, usitume kijana.

Hatua ya 7: Misimu

Ushonaji una mawimbi yake. Kabla ya Idi na kabla ya Krismasi watu wanajaa mlangoni, Januari ni sare za shule, halafu kuna wiki ambazo unaota jua barazani. Fundi wa kawaida hufurahia mawimbi na kulalamika ukame. Saa 132 za mwezi mkavu, hata hivyo, ni zako vile vile, na ndizo za kushonea mzigo wa akiba.

Sare za shule zinafaa kwa hili kuliko kitu chochote, kwa sababu mshono haubadiliki na mtoto lazima avae. Oktoba na Novemba nunua majora ya kitambaa cha mashati na sketi, kwa bei ya jumla Kariakoo, mitaa ya Uhuru na Congo. Uliza shule mbili tatu za karibu rangi zao, kata saizi za kawaida kwa pamoja, ukipanga tabaka kadhaa na kukata kwa mara moja. Kushona sketi kumi za aina moja kwa mfuatano ni haraka kuliko sketi kumi za watu kumi. Januari wazazi wakija wakiwa wamechelewa, unauza iliyo tayari na unachobakiza ni kupinda upindo. Usishone nyingi kupita uwezo wa mtaji wako mwaka wa kwanza. Saizi za darasa la kwanza na la pili ndizo za kuanzia.

Wakati wa Ramadhani tangaza mapema siku ya mwisho ya kupokea kazi za Idi, uiandike kwa chaki mlangoni na kwenye status ya WhatsApp. Baada ya siku hiyo usipokee, hata wakija na pesa mkononi. Hapo ndipo utajaribiwa kweli.

Hatua ya 8: Kukua ukiwa bado mmoja

Ratiba ikijaa wiki tatu mbele kwa miezi kadhaa, soko linakwambia bei yako iko chini. Pandisha kwa wateja wapya kwanza, wa zamani wape taarifa ya mwezi mmoja. Baadhi wataondoka, na saa zao utazihitaji.

Kisha ondoa mikononi mwako kazi ambazo si lazima uzifanye wewe. Vifungo, kudarizi na kumalizia upindo kwa mkono kuna mama jirani anayeweza kuvifanya nyumbani kwake ukimlipa kwa nguo. Rudi pia kwenye zile pesa za ovaloki ulizokuwa ukiandika. Zikikaribia bei ya mashine iliyotumika ndani ya mwaka, nunua, na usisahau kuhesabu muda uliopotea kwenda na kurudi kwa jirani.

Sare za harusi zinahitaji tahadhari yake. Kamati ikija na magauni ishirini ya rangi moja, moyo unadunda. Kwa ratiba yako hiyo ni kazi ya mwezi mzima, na tarehe ya harusi haisogezwi. Usikatae, ila usikubali peke yako. Tafuta fundi mwenzako unayemwamini, kata zote wewe mwenyewe ili zifanane, mpe sehemu ashone, muandikiane malipo na siku. Zote zipitie pasi yako na macho yako kabla hazijatoka. Na kianzio kitoke kwa mweka hazina wa kamati kikiwa kimoja, usikubali kudai watu ishirini mmoja mmoja.

Mtaji

Akiba kwanza, kisha VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ambako kwa kawaida unakopa hadi mara tatu ya hisa zako kwa watu wanaokujua. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarejea 2024. Kimsingi ni mikopo ya vikundi, kwa hiyo ukiitaka itabidi uungane na wenzako, na fikiria vizuri ni nani utakayelipa deni lake. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao hutoa mafunzo na mikopo kwa wazalishaji wadogo.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, usiisogelee. Ukopeshaji wa aina hiyo unakutaka urejeshe kila siku au kila wiki, na pesa ya fundi haiji kila siku, inakuja nguo ikichukuliwa. Uliza leseni ya Benki Kuu na riba ya mwezi kabla ya kusaini chochote, na cherehani yenyewe usiiweke rehani kwa mtu yeyote.

Kuhusu kumchukua kijana wa kujifunza: mpokee msimu mkavu, si wiki ya Idi. Mwanzie kwenye kufumua, pasi na vifungo, kisha marekebisho ya nguo zenu wenyewe. Kuandika kwenye daftari la tarehe kubaki kazi yako, na mteja akimuuliza nguo yake itatoka lini, jibu lake liwe moja: "Subiri nimwite fundi."